Mwenye Nyumba Asimame Wapi

Bunia, Alhamisi, baada ya sala ya jioni.

Mvua ilianza adhuhuri na haijaisha. Imepunguza sauti tu, kama mtu aliyechoka kugomba. Udongo wa avenyu yetu umegeuka uji, na viatu vyangu vimekaa kando ya mlango vikingoja kesho vikauke ndipo vipigwe brashi. Nimejifunika koti. Mke wangu Adela amelala mapema kwa sababu ya tansyo yake, shinikizo la damu. Moyo wangu umetulia. Jana saa kama hii nisingeweza kuandika neno hilo.

Nimeamua kuliweka jambo hili hapa, mahali panaposomwa, kwa kuwa najua wenye nyumba wengi wa mji huu wamo katika jaribu lilelile. Mpangaji amechelewa. Mwezi umepita, mwingine umepita, mwingine umeanza, na kila siku ya soko unapita mbele ya nyumba yako ukitazama upande mwingine ili usionekane unadai. Tufanye nini?

Jibu ninalo. Lakini karibu nilipate kwa gharama ya watu wengine, na hilo nalo nitalisema.

Nieleze kwanza nilivyo. Mimi ni mzee wa kanisa. Nilisoma shule ya Biblia nikiwa kijana, nikawafundisha wengi mafundisho ya ubatizo, na malipo ya uzee tuliyoahidiwa yangali njiani hata leo. Nilicho nacho ni nyumba moja ya matofali ya kuchoma pale Rwambuzi, yenye vyumba vitatu, ambayo niliijenga kidogo kidogo kabla ya vita na kuiezeka upya baada yake. Kodi ya nyumba hiyo ndiyo inayonunua unga wetu na dawa ya Adela. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema ili msomaji asidhani kwamba anayeandika ni tajiri, anayewafundisha maskini ukarimu ambao yeye haulipii.

Katika nyumba hiyo anakaa Papa Furaha, pamoja na mkewe na watoto wao. Walitoka upande wa Kpandroma, wakashuka Bunia na vile walivyoweza kubeba kichwani. Huko juu alikuwa mkulima. Huku akawa mnunuzi: analeta maharagi na viazi kwa lori, na Mama Furaha anaviuza sokoni. Kwa muda mrefu alilipa vizuri kuliko watu wa ofisi. Hata mtoto akiugua alikuja mwenyewe kunijulisha kwamba atachelewa kwa juma moja, na juma lilipoisha alikuja.

Kisha barabara ikafungwa. Wanaoishi hapa hawahitaji niseme ni nani aliyeifunga na kwa nini. Barabara hufungwa, hufunguliwa, hufungwa tena. Na kipindi cha katikati tunakiita amani, kwa kuwa hatujapewa neno jingine. Maharagi yalibaki huko juu. Papa Furaha alikaa na magunia matupu. Garanti, ile kodi ya akiba aliyotoa alipoingia, tuliikata kwa miezi ya mwanzo ya deni, kama ilivyo haki, nayo ikaisha. Barabara ilikuwa bado imefungwa.

Kuna jambo moja tena, na ndilo zito.

Wao si watu wa upande wetu. Ukoo wangu ni wa wafugaji. Wao ni wakulima wa Djugu. Tunasali chini ya paa moja, tunaimba nyimbo zilezile, na mwisho wa ibada tunapeana mikono. Hata hivyo kila mmoja anajua ni nini kilitendwa kwa ndugu zake, na anajua pia ni upande gani uliokitenda. Haya hayasemwi. Lakini yakitokea hata mambo madogo, ng'ombe kupotea au kijana kupigwa njiani, watu huanza kuhesabiana kimya kimya.

Jumatatu kijana wangu wa kwanza, Faustin, alipanda kutoka Komanda anakofanya biashara. Alifika juu ya pikipiki, matope hadi magotini, na uso wa mtu mwenye habari njema. Amempata mtu anayefanya kazi na shirika moja la msaada, anayetafuta nyumba ya matofali Rwambuzi. Mtu huyo yuko tayari kutoa garanti ya miezi sita mara moja, kwa dola, bila kubishana.

“Papa, ule mutu hatangoja,” aliniambia kabla ya kunawa mikono. “Iko anaangalia nyumba ingine kule chini.”

“Na Papa Furaha?”

“Tutoe mulango. Batakaa kidogo, batahama beo benyewe. Hatutamupiga mutu, hatutamutukana mutu.”

Wasomaji wa mbali labda hawaijui desturi hii. Mwenye nyumba asiyetaka ugomvi wala gharama za mashitaka huja asubuhi na fundi, anang'oa mlango, anaubeba kichwani, anakwenda nao kwake. Wengine huvua mabati mawili au matatu. Hakuna pigo, hakuna neno baya. Mvua na wezi ndio watakaofanya kazi iliyobaki, na yeye ataweza kwenda ibadani akisema kwamba hakumfukuza mtu.

Nilimwambia Faustin kwamba kazi hiyo, kwa macho ya Mungu, inaitwa kufukuza, na ina aibu zaidi kwa sababu anayeifanya hataki kuonekana akiifanya. Alinijibu kwa heshima, lakini alinijibu: “Papa, huruma yako hainunue dawa ya mama.”

Adela alikuwa jikoni. Hakutoka. Sauti yake tu ndiyo iliyotufikia. “Faustin! Usiweke tansyo yangu mu kinywa yako. Kama unapenda kutoa mulango, anza na yako ya Komanda. Tuone kama bibi yako atalala mule.”

Faustin alicheka, mimi nikacheka, na hasira ikapungua. Lakini haja ilikuwa palepale. Alinipa hadi Jumamosi ili ampe mtu wake jibu, akarudi Komanda kabla ya giza. Mimi nikabaki na hoja yake, ambayo haikuwa ya kipumbavu. Dawa ya Adela hainunuliwi kwa wema. Kijana anayemwonea mama yake uchungu si mtu mbaya.

Jumanne nilikwenda mwenyewe. Hili nalishikilia hata sasa: mwenye nyumba aende mwenyewe. Asitume vijana, asitume komisionere anayekula kwa kila mpangaji mpya, asipeleke ujumbe kwa jirani. Deni likizungumzwa na watu watatu, linakuwa habari ya avenyu nzima. Na habari ya avenyu nzima, hapa kwetu, hugeuka haraka kuwa habari ya kabila.

Njiani nilitafakari sheria moja ya kale, ambayo nimeifundisha mara nyingi. Anayemdai jirani yake haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba yake na kuchukua rehani. Asimame nje, na yule anayedaiwa ndiye atakayeingia na kumtolea. Sheria nzuri kama hiyo niliwahi kuihubiri hata mbele ya watu wa serikali. Basi nikaazimia kuitimiza kama ilivyoandikwa.

Nilifika, nikasimama penye lango la uzio. Mama Furaha alitoka mbio, akanipangusia kiti kwa kitenge chake, akakiweka chini ya upenu wa paa. “Karibu, Muzee. Ikala.” Nilimshukuru, nikabaki nimesimama. Akaingia, akatoka na kikombe cha chai. Nilikataa kwa upole. Niliona si haki kunywa sukari ya watoto ambao baba yao ananidai subira. Papa Furaha alipotoka nilizungumza naye palepale, kwa sauti ya chini, bila kitisho hata kimoja. Nilimwambia nataka kujua mpango wake, na kwamba nitangoja hadi mwisho wa juma. Aliitikia kwa kichwa. Alitazama miguu yangu, iliyokuwa nje ya uzio wake.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Niseme kweli: nilijiona mwenye haki.

Jana mchana Adela alirudi kutoka maombi ya wamama, naye hakufungua hata kitambaa cha kichwa.

“Weye ulienda kufanya nini kwa Mama Furaha?”

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri, pamoja na ile sheria. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni.

“Alikuletea kiti, ukakatala. Alikuletea chai, ukakatala. Muzee muzima unasimama inje ya uzio sawa nguzo, sawa poto ya kuranti! Unajua beo balisikia nini?”

“Balisikia habari ya kodi.”

“Kodi! Balisikia kama siku imefika. Banafunga bintu. Mama Furaha analia kule, anauliza wamama nani iko na fasi kwenye kambi ya wakimbizi.”

Nilikaa chini.

Wasomaji wa Ituri wamekwisha kuelewa, na wengine nitawaeleza. Katika miaka ile mibaya, kabla ya nyumba kuguswa, kikombe ndicho kilichoguswa kwanza. Jirani aliyezoea kuketi kwako aliacha kuketi. Aliyekula kwako alianza kusema ameshiba. Hakukuambia kitu; pengine aliogopa, pengine alikatazwa na wake, pengine kwa njia hiyo alijaribu kukuokoa. Waliotambua ishara hiyo waliondoka mapema na wako hai. Waliodhani kwamba jirani hana njaa tu, wengi wao hatuwaoni tena.

Na mimi, mtu wa upande huu, mwenye wana wakubwa, mzee anayejulikana, nilikwenda hadi langoni pa mtu wa upande ule. Nikakataa kuingia, nikakataa kuketi, nikakataa kunywa, nikazungumza kwa sauti ya chini, na mwisho nikamwambia: hadi mwisho wa juma.

Nilikwenda kudai kodi. Wao walisikia: kimbieni.

“Nilifuata Maandiko,” nilimwambia Adela.

“Maandiko ilisema usikunywe chai?”

Nilipiga magoti kabla ya wakati wangu wa kawaida wa sala, na nilikaa hapo kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Leo asubuhi, mvua ikiwa bado haijaanza, nilirudi Rwambuzi. Uani palikuwa na mabidoni ya maji yaliyofungwa pamoja kwa kamba, na sufuria zimepangwa moja ndani ya nyingine. Watoto walikuwa wamevaa nguo zao zote, shati juu ya shati, kama watoto wanavyovikwa wakati wa safari ambayo haina gari. Papa Furaha aliniona, akasimama wima.

“Jambo, Muzee. Tutatoka kesho asubuhi. Funguo tutaacha kwa jirani. Deni yako nitalipa hata kama niko mbali.”

Mtu huyu alikuwa anakimbia kuokoa watoto wake, na bado alikuwa anaufikiria mfuko wangu. Nililitambua hilo pale pale, na liliniumiza.

“Sikukuya juu ya funguo,” nilimwambia. “Nimekuya kukunywa ile chai.”

Mimi sikungoja kiti. Nilivuka lango, nikavuka ua, nikavua viatu mlangoni, nikaingia, nikaketi kwenye gunia lililokunjwa ukutani, kwa kuwa viti vilikuwa vimefungwa pamoja na mizigo.

Mama Furaha alifungua tena sufuria moja, akakoka moto. Alipoleta kikombe alifanya kama mwenyeji yeyote wa hapa anavyofanya siku hizi mbele ya mgeni wa upande mwingine: alikiinua kwanza mdomoni mwake ili aonje, mgeni aone kwa macho yake kwamba hamna kitu ndani. Ni adabu. Ni adabu tuliyofundishwa na vita, na siipendi.

Nilinyoosha mkono kabla hajaonja. “Lete vile vile, mama.”

Nikanywa. Ilikuwa ya moto sana, iliniunguza ulimi, na sikukiacha kikombe hadi nusu.

Mama Furaha alikaa chini, akajifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, au labda anafanya yote mawili. “Mimi nilimuambia,” alisema akimwonyesha mumewe kwa kidole, “nilimuambia: huyu Muzee anakunywaka chai kila fasi. Kwa kilio anakunywa, kwa ndoa anakunywa, hata kwa batu benye hawana sukari anakunywa. Kama kwetu anakatala, basi, yetu imeisha!”

“Ulituogopesha, Muzee,” akasema Papa Furaha. Yeye hakucheka.

“Ni kweli,” nikamwambia. “Na nisamehe.”

Alisema imekwisha. Sijui kama imekwisha. Lakini alileta kiti chake, akakifungua kamba, akaketi mbele yangu. Ndipo tukazungumza habari ya kodi, sisi watatu, mume na mke na mimi. Hili nalo nawasihi wenye nyumba wenzangu: zungumzeni na mke akiwepo. Mume peke yake atakuahidi asichoweza, ili asionekane mdogo. Mke anajua sufuria ina nini.

Sikumwambia afanye nini. Nilimweleza hali yangu bila kuficha: dawa ya Adela, unga, Faustin na mtu wake wa dola. Nilimwambia kwamba siwezi kungoja bila mwisho, na kwamba mlango wake sitaugusa, leo wala siku nyingine. Kisha nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii. Anayedai hupenda kujaza kimya kwa masharti.

Papa Furaha aliinuka, akaenda chumba cha mbele, kile chenye mlango wake wenyewe wa kutokea barabarani. Akaufungua, mwanga ukaingia.

“Muzee, hii chumba iko na mulango yake. Siye tutalala mu ile mbili za nyuma. Weka mutu ingine humu, mwalimu ao infirmiye ya hospitali, mutu ya kutulia. Kodi yake ikate deni yetu mupaka barabara itafunguka. Na mimi, mchanga nabeba kila siku kule mutoni. Kila posho, Jumamosi, nitakuletea kenye kitapatikana, hata kama ni kidogo.”

Mama Furaha akaongeza, “Lakini asikuwe mulevi, Muzee. Niko na batoto banamuke.”

Mimi niliyeijenga nyumba hiyo, niliyeupachika mlango huo kwa pesa ya ng'ombe wa mwisho wa baba yangu, sikuwa nimekifikiria chumba hicho hata mara moja. Nilikuwa nimefikiria nyumba nzima au hakuna.

Hapo ndipo nilipoielewa sheria ile, ambayo nimeifundisha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nilidhani inazungumza juu ya miguu: usivuke kizingiti. Inazungumza juu ya mkono. Anayedai asiingize mkono wake katika maisha ya mwenzake na kuchagua ni kipi atoe. Amwachie mdeni achague mwenyewe kile anachoweza kukitoa, akitoe kwa mkono wake, naye abaki mtu. Unaweza kusimama barabarani na bado umeingia mpaka chumbani kwake, kama Faustin alivyotaka kuingia kwa kuubeba mlango. Na unaweza kuketi ndani kwenye gunia lake, ukinywa chai yake, nawe umesimama nje kama Mungu anavyotaka.

Naandika haya kwa uhakika, wala siombi radhi kwa uhakika huo.

Nenda mapema, mwezi wa kwanza unapopita, si wa tatu. Subira ya kimya inayolipuka siku moja si subira. Nenda mwenyewe, na uketi. Sema shida yako yote, kwa maana mpangaji naye anadhani una mali usiyo nayo, kama wewe unavyodhani anaficha alicho nacho. Usiguse mlango wala bati. Na kama hakuna njia, kama hana chumba cha kurudisha wala mchanga wa kubeba, basi atahama. Mungu hakumwagiza mwenye nyumba afe njaa. Lakini aambiwe hivyo akiwa ameketi, apewe siku za kutafuta mahali, ahame mchana, mbele ya watu, na wewe ukimsaidia kufunga mzigo, ili mtu yeyote wa avenyu asiweze kusema kwamba fulani wamefukuzwa na fulani. Katika mji kama wetu, jinsi mtu anavyotoka katika nyumba hukumbukwa kuliko deni lake. Mabati yaliyovuliwa Jumatatu yanaweza kulipwa na watu ambao hawakuwahi kukaa chini yake.

Mchana nilimpigia Faustin simu.

“Chumba moja, Papa? Ule mutu anataka nyumba muzima!”

“Atafutiwe nyumba nzima mahali pengine.”

“Na miezi sita ya dola inaenda hivi hivi?”

“Inaenda.”

Nilisikia malori ya Komanda yakipiga honi nyuma yake. Nilimweleza habari ya kikombe. Alikuwa mdogo sana katika miaka ile, lakini si mdogo kiasi cha kutokumbuka ni kwa nani tuliacha kula.

“Bon,” akasema mwishoni. “Dawa ya mama ya mwezi huu nitatuma miye. Lakini mwezi huu tu, Muzee! Usianze kunihesabia.”

Nilimwambia Adela. Alisema, “Tazama, hata yeye iko na mulango yake ya kutolea.” Kisha akaenda kulala.

Sijui barabara itafunguliwa lini. Sijui kama mwalimu mtulivu atapatikana, au kama mchanga utampa Papa Furaha kitu cha kuleta kila Jumamosi. Hesabu yangu bado ni mbaya. Nitakula mihogo zaidi na sukari kidogo, na nitamwomba mwenye duka la dawa anivumilie kama ninavyovumilia. Naye akija kwangu, nitampa kiti.

Lakini kuna jambo moja nililoliona nilipokuwa naondoka, na ndilo linalonifanya niandike hadi sasa.

Papa Furaha alinisindikiza hadi kwenye lango, akanishika mkono kama wanaume wa hapa wanavyoshikana wanapotembea, nasi tukaenda hivyo mbele ya majirani hadi matone ya kwanza ya mvua. Nyuma yetu Mama Furaha alikuwa anatandua: sufuria zilirudi jikoni, mabidoni yalifunguliwa, watoto walivuliwa shati la juu. Nilipogeuka langoni kuaga, niliona kupitia mlango ulio wazi kwamba godoro lilikuwa bado limekunjwa na kufungwa kamba, limeegemea ukuta. Alilipita mara mbili na hakuligusa.

Naye aliona kwamba nimeona.

Usiku huu wamelala wapi, kwenye mkeka? Na atalala hivyo hadi lini, yule mama, kabla ya kuikata ile kamba? Hakuna sheria ya kumharakisha, na kwangu hakuna haki ya kumwuliza. Jumapili, ibada ikiisha, nitapita Rwambuzi na Adela. Hatutataja kodi. Tutaketi.